Nilichomwomba Ishengoma

Mwanangu Kokushubila,

Mambo ya safari mama yako ameshakueleza: ufunge sanduku kwa kamba, usile samaki wa bandarini, ukifika Mwanza umtafute kwanza shangazi yako ndipo ukitafute chuo. Mimi hayo siyawezi na sitayarudia. Nimejifungia sebuleni tangu saa sita mchana na daftari lako la darasa la saba, ninyi mkidhani namwandikia shangazi yako barua ya kukutambulisha. Ninachoandika ni jambo nililokuficha. Lazima ulijue leo, kabla gari la Bukoba halijaja kukuchukua kesho asubuhi na kabla hujapanda meli.

Nianze na hili: baba yako ni mtu wa kisasi. Watu hapa kijijini wananiita mpole kwa sababu sijawahi kumpiga mtu wala kumtukana mtu barabarani. Hawajui kwamba upole wangu ni ule wa paka aliyekaa kimya kando ya shimo. Mama yako anajua nusu. Anayejua yote ni mmoja tu, na ndiye niliyemfanyia.

Mtu huyo ni Ishengoma, baba yake Adelina, unayempigia magoti na kumwamkia kampile waitu kila ukikutana naye kisimani. Unajua kwamba mimi na yeye ni wanywani. Ila kizazi chenu mkisikia munywani mnafikiri ni rafiki tu, basi. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Mwaka ule wa Uhuru, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, nilikwenda kisiwani Bumbire kununua samaki wakavu wa kuja kuuza Muleba. Huko nikashikwa na homa, nikawa siwezi hata kusimama. Wenzangu wakapakia mizigo yao wakaondoka. Ishengoma tulikuwa tunajuana kwa sura tu, lakini yeye alibaki. Alikaa nami siku tisa. Aliuza samaki wake ili ninywe maziwa, na aliniosha kwa mikono yake kama mama anavyoosha mtoto. Tuliporudi nyumbani tukala kahawa, tukawa ndugu wa damu.

Tulifanyia nyuma ya nyumba ya mjomba wake, maana padri asingependa. Kila mmoja alichanjwa chini ya kitovu. Buni moja ikapasuliwa, nusu ikapakwa damu yangu na nusu damu yake, nami nikala kutoka kiganjani mwake, naye akala kutoka kiganjani mwangu. Mjomba akatuuliza mmoja mmoja.

"Mwenzako akikuomba?"

"Nitampa."

"Utamuuliza anataka ya nini?"

"Sitamuuliza."

"Akikukosea?"

"Sitamwinulia mkono, sitamlaani."

"Ukivunja?"

"Kahawa hii ivimbe tumboni initoe roho."

Nilisema maneno hayo kwa furaha, mwanangu. Nilikuwa na mtu ambaye hakuniacha nife, na nilidhani kumpa kila kitu kungekuwa kazi rahisi.

Sasa sikiliza alivyonikosea. Babu yako aliniachia kibanja hiki cha migomba tunachokaa, pamoja na kipande cha rweya, ile nyika iliyo nyuma ya kanisa. Wengine walikata majani huko ya kutandaza kwenye migomba. Mimi nikapanda mikaratusi. Nilibeba miche kichwani kutoka misheni, na wakati wa kiangazi niliipelekea debe la maji kila jioni. Miaka minane! Nilikuwa naijua miti ile mmoja mmoja, upi umepinda, upi uliliwa na mbuzi ukachipua tena. Ilikuwa ijenge nyumba ya matofali na bati, na wewe ulishachagua chumba chako, sijui kama unakumbuka.

Vikaja vijiji vya ujamaa. Ishengoma alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu kila mtu alimwamini, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha kidole. Ukaitwa mkutano uwanja wa shule, ikasemwa kijiji kinatakiwa kiwe na shamba la pamoja, na sote tukatazama chini. Hakuna aliyekuwa tayari kutoa hata pahali pa kufungia mbuzi. Ndipo Ishengoma akasimama.

"Ndugu wananchi, shamba la kijiji litaanza na rweya yangu yote. Na litaendelea na rweya ya munywani wangu inayopakana nayo. Sisi wawili ni kitu kimoja."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nami nikapiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilipiga makofi.

Jioni nilimfuata kwake. Alikuwa amekaa mlangoni anakula senene waliokaangwa, akanisogezea bakuli.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikamwambia.

"Ningekuuliza ungekataa?"

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi ningekuwa nimekuaibisha bure mbele ya watu. Ni ardhi tu, munywani. Ilikaa kwetu muda wake. Mgeni akitaka kuondoka, si unamshikia mzigo mpaka barabarani?"

Akaendelea kula. Na rweya yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na yeye pia alikuwa na miti. Walipokuja kuikata, alikuja na panga lake akasaidia. Angelia kidogo siku ile, angenung'unika hata mara moja, ningemsamehe. Alikata miti yake mwenyewe huku anawasimulia vijana hadithi, wakacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile kuliko kwa ardhi yenyewe.

Nilijua alivyopata moyo wa namna ile, usidhani nilimchukia kwa kutojua. Baada ya Adelina alizika watoto watatu kibanjani kwake, mmoja baada ya mwingine. Nilichimba makaburi yale pamoja naye. Baada ya kaburi la tatu aliniambia hatang'ang'ania tena kitu chochote, kwa sababu kung'ang'ania hakumrudishi mtu. Niliona ni maneno ya mtu mwenye msiba, yatapita. Hayakupita. Akawa mtu wa kutoa na kuachia, na watu wakampenda kwa hilo. Shida ni kwamba alifika mahali akadhani kila mtu ameshaachia kama yeye.

Nikatafuta njia ya kumkomoa. Nisingeweza kumpiga wala kumlaani, maana buni ile bado ilikuwa tumboni mwangu na niliiogopa. Njia niliipata kanisani, Mungu anisamehe, wakati padri anahubiri juu ya kusamehe saba mara sabini. Kahawa ilinikataza kumpiga na kumlaani. Haikunikataza kuomba.

Jumatatu yake nikaenda. "Munywani, naomba baiskeli yako."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Naomba iwe yangu."

Alinitazama, kisha akaingia ndani. Akatoka na pampu, akajaza upepo magurudumu yote mawili, akaifuta vumbi, akanipa. Tangu siku ile mwenyekiti wa kijiji akawa anakwenda mikutano ya Muleba kwa miguu. Nami nilipanga safari zangu ziangukie siku za mikutano yake. Nikimkuta kwenye ule mwinuko mrefu, jasho linamtoka, napiga kengele, nampita. Alikuwa ananipungia mkono.

Nikamwomba ng'ombe wake mwenye ndama. Akamleta mwenyewe akiwa amemshika kamba, akanieleza tabia zake: hapendi kukamuliwa na mtu anayepiga mluzi, anapenda maganda ya ndizi yenye chumvi kidogo. Nikamwomba kile chombo chake cha kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, ule mtumbwi wa mbao uliochongwa na babu yake. Hilo lilikuwa pigo nililolifikiria sana. Kijiji kizima kiliazima mtumbwi ule, na kila aliyekamua pombe alimpelekea Ishengoma kibuyu chake, kwa hiyo jioni nyumba yake haikukosa watu. Ulipokuja kwetu nikaufudikiza nyuma ya jiko. Waliokuja kuazima niliwaambia umepasuka. Uliniuliza siku moja kwa nini hatuutumii, nikakuambia unyamaze. Mchwa waliula wote huku nikiutazama, na jioni kwa Ishengoma pakawa kimya.

Siku ile ya mtumbwi mkewe, Veneranda, alishindwa kuvumilia. Alikuja mpaka uani kwetu, hana hata khanga ya kichwani.

"Wewe mwanaume! Umebakiza nini? Niombe na mimi basi! Nimekuja mwenyewe, nichukue na kapu langu!"

Ishengoma akaja nyuma yake anahema, akamshika mkono.

"Twende nyumbani, mama Adelina. Mwache. Hajachukua kitu ambacho kisingeondoka siku moja."

Wakaondoka, yeye amenyooka vilevile. Nilitamani nimrushie jiwe la kisogo. Ungemwona, mwanangu. Nilikuwa nimemvua karibu kila kitu, na mimi ndiye niliyebaki natetemeka.

Watu watakuambia kisasi hakina utamu. Hao hawajakifanya vizuri. Kina utamu sana. Kengele ile ya baiskeli bado naisikia na bado inanifurahisha, nakuambia ukweli. Ila utamu wake unaisha upesi, unabaki unatafuta kingine kikubwa zaidi, na katikati hapo huli vizuri. Maziwa ya ng'ombe yule nilikuwa nayanywa bila kuyasikia ladha, nasubiri habari kwamba Ishengoma amelalamika. Miaka mitatu nilimsubiri mtu alalamike. Yeye alikosa vitu, mimi nikakosa hata kukaa tu nyumbani kwangu nikatulia.

Sasa nafika kwako.

Mwezi uliopita ilipokuja nafasi ile moja ya kozi ya uuguzi, uliambiwa kwamba umepewa wewe kwa sababu Adelina amejitoa. Si kweli. Halmashauri ya kijiji ilimchagua Adelina. Alama zenu zilikaribiana, lakini zake zilizidi, na Ishengoma alitoka nje ya chumba wakati wanaamua, ili asije akasemwa. Wewe uliandikwa wa akiba. Nilipata habari siku hiyohiyo. Sikulala kwa kuwaza, na kilichonikosesha usingizi si uchungu kwa ajili yako. Nilikuwa nimeona kitu pekee ambacho mtu yule alikuwa bado amekishika.

Nikaenda kwake asubuhi. Alikuwa anapogoa migomba.

"Munywani, naomba nafasi ya Adelina. Umpe Kokushubila."

Kisu kikamdondoka. Nilikiona kikidondoka, na moyo wangu ukaruka kama wa kijana aliyekubaliwa posa. Akaegemea mgomba. Akasema, "Omba kingine." Katika miaka yote ile ndiyo mara ya kwanza alisema neno hilo.

"Sina kingine ninachokitaka."

"Omba kibanja. Omba nyumba, tutahamia kwa mjomba."

"Nimeshaomba."

Akalia, Koku. Alilia waziwazi, mikono imelegea, kamasi zinamtoka. Nilisimama nikatazama mpaka mwisho. Kisha akaenda ndani akaandika kwa halmashauri kwamba mama yake Adelina anaumwa miguu na binti hawezi kuondoka nyumbani. Adelina mwenyewe akaambiwa hivyo hivyo. Wewe ukaja hapa ukaniambia, "Baba, Adelina ameogopa kwenda mbali, anamsingizia mama yake." Nikakuacha uamini. Ukaacha kupita kwao. Hata hilo lilinifurahisha.

Furaha ile ilidumu siku tatu, labda nne. Nilimpata. Nilimwona akilia. Halafu nikawa nakutazama unashona sare yako kwa sindano, unaimba, na kila ukiimba najua unaimba kwenye nafasi ya mwenzio. Nilijaribu kujiambia ni kwa faida yako. Lakini ungekuwa wewe uliyekuwa nayo na Adelina wa akiba, ningekuombea kwa Mungu usilazwe na homa, na basi. Nisingekwenda kumwomba mtu chochote. Nilikutumia wewe kama nilivyotumia kengele ya baiskeli.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kuaga kanisani, Ishengoma alikuja hapa. Alikataa kukaa. Tangu Bumbire hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi.

"Leo na mimi nina ombi," akasema.

Nikajua ni siku ya malipo. Nilifikiri ataomba nafasi irudi, au kibanja hiki, na nilikuwa tayari kutoa nikiwa nimeuma meno.

"Mwambie Koku," akasema. "Wewe mwenyewe. Kabla hajapanda meli."

"Uniaibishe mbele ya mtoto wangu?"

"Sijali aibu yako wala yangu. Nilikupa kitu ambacho hakikuwa changu. Ilikuwa nafasi ya Adelina, na mimi nikaitoa kama ile baiskeli. Na ni mara ya pili nafanya hivyo, munywani. Mara ya kwanza ilikuwa miti yako. Niliweza kuachia rweya yangu. Kuachia ya kwako haikuwa kazi yangu. Nimechelewa kukuambia."

Neno hilo, Kokushubila, nililingoja tangu siku ya makofi. Nilikuwa nimepanga nitakavyolipokea, nitakavyomgeuzia mgongo. Alipolisema nilikosa hata pa kuweka mikono yangu. Akaenda zake. Sijui kama alichoniomba ni wema au naye hatimaye amenilipiza. Nimekifikiria mchana kutwa hapa mezani na bado sijui. Ninachojua ni kwamba nimekula kahawa na mtu yule na siwezi kumkatalia, ndiyo maana unasoma haya.

Utaniuliza nimejifunza nini, maana unapenda kuuliza hivyo. Nimejifunza kitu kidogo tu na nimekipata kwa gharama kubwa. Unaweza kugawa ulicho nacho, unaweza kukiachia kikienda bila kulia, na nimemwona mtu akifanya hivyo kiasi cha kunitia wazimu. Lakini ni chako tu. Ukianza kuachia cha mwenzio, au kumdai mwenzio aachie, hata kama ni mtu mwema kuliko wote, unaharibu. Ishengoma alikosea hapo kwa wema, mimi nikakosea hapo kwa ubaya, na ninyi wasichana wawili mmekaa katikati.

Sasa jambo lenyewe lilivyo. Barua ya wilaya inasema aliyeandikwa asipofika bandarini kesho, achukuliwe wa akiba. Wa akiba sasa ni Adelina, maana jina lake halikufutwa, mlibadilishana nafasi tu. Ukipanda meli, hakuna atakayejua isipokuwa sisi, na utakuwa nesi mzuri, sina shaka. Ukibaki, ataondoka yeye, na sijui lini nafasi nyingine itakuja kijijini hapa. Sikuambii ufanye nini. Ningekuambia upande. Nakutaka upande, mpaka dakika hii nakutaka upande na Ishengoma akuone dirishani mwa gari, kwa hiyo usinisikilize.

Nina ombi moja tu. Wewe hukula kahawa na mimi, unaweza kulikataa. Upande au usipande, usifanye ili kunikomoa. Ukienda, nenda kwa sababu unataka kuuguza wagonjwa. Ukibaki, baki kwa sababu ya Adelina. Nakufahamu, una damu yangu, na hivi sasa unaposoma najua unatafuta lipi litaniuma zaidi. Mimi nilitafuta hilo kwa miaka mitatu na nililipata.

Nitampa mama yako barua hii akuletee chumbani jua likiwa bado liko juu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele ya nyumba. Mlango wa nyuma, unaoelekea kwa akina Adelina, nimeuacha wazi.

Baba yako